Kahawa ya Uganda: mashine yachagua, akina mama wamalizia

KAMPALA – Kabla gunia la kahawa halijapakiwa kwenye lori la kwenda bandari ya Mombasa, punje zake hukaguliwa na macho ya aina mbili: ya mashine na ya mwanamke.

Katika msimu wa 2023/24 Uganda iliuza nje zaidi ya magunia milioni 6 ya kilo 60, yenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 1. Sehemu kubwa ni robusta.

Kahawa hiyo hufika Kampala ikiwa imeshakobolewa. Wafanyabiashara huiita kase. Viwandani hupepetwa, kisha hupitishwa kwenye chekecheke. Inayobaki juu ya namba 18 ni daraja moja, ya 15 lingine, ya 12 lingine.

Lakini chekecheke haioni rangi. Punje nyeusi yenye ukubwa sawa na nzuri hupita nayo, na wachache wa hizo hutosha kuharibu ladha. Zamani kuziondoa ilikuwa kazi ya mikono. Baada ya ukiritimba wa bodi ya serikali kuondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1990, kampuni binafsi ziliingia sokoni, na mashine za kuchagua kwa rangi zikafuata.

Mashine hufanya kazi hivi: punje hudondoka mbele ya kamera, na isiyo na rangi inayotakiwa husukumwa pembeni kwa pumzi ya hewa kutoka kwenye kompresa. Ni kasi ambayo mkono hauiwezi. Tatizo ni kwamba pumzi hiyo huondoka pia na punje nzuri za jirani. Rundo la makapi hubaki na fedha ndani yake, na hapo ndipo akina mama huitwa. Huitwa pia umeme unapokatika.

Swali ni malipo. Pale anapolipwa kwa kila kilo iliyosafishwa, mchambuzi aliyeachiwa makapi hutumia muda mrefu zaidi kupata kilo ileile. Mashine imeongeza tija ya kiwanda, yeye kipato kimeshuka, na vumbi ni lilelile. Sheria haimsaidii sana: kima cha chini cha mshahara, shilingi 6,000 kwa mwezi, kilipangwa mwaka 1984. Bunge lilipitisha muswada mpya mwaka 2019, lakini Rais Yoweri Museveni alikataa kuusaini.

Kwa mwenye kiwanda, mkono wa bei rahisi unaonekana faida. Hesabu hiyo ina kasoro. Kamera ikipangwa kwa ukali mno, kahawa nzuri inatupwa. Ikilegezwa, mnunuzi wa Ulaya anadai punguzo. Anayejua zaidi kipimo kiwe wapi ni yule aliyeshika punje mbovu miaka kumi, na kumfundisha kuiendesha mashine kunagharimu kidogo kuliko kontena moja lililokataliwa.