Kabro za Kitale na Bungoma: Kweli au Si Kweli?

Siku hizi kabro, vile vipande vya zege vya kutandika chini, ziko kila mahali Kitale na Bungoma: uani mwa kanisa, kituo cha mafuta, mbele ya maduka, hata njia ya kutoka geti hadi mlango wa nyumba. Pamoja nazo yamekuja maneno mengi, mengine ya wauzaji, mengine ya mafundi wenye haraka. Nayapima hapa kwa sababu kabro ni ghali, na mvua za huku hazisamehi kazi ya ovyo.

"Nakshi ni urembo tu, kabro yenyewe ndiyo hubeba mzigo."

Si kweli, na hili ndilo kosa linalogharimu zaidi. Kabro za mstatili unaweza kuzilaza kwa mistari kama matofali ya ukuta, au kwa mshazari unaofanana na mifupa ya samaki. Kwa wanaotembea kwa miguu, yote mawili yanafaa. Lakini Kitale iko Trans Nzoia, kaunti ya mahindi, na lori lililojaa magunia likikata kona polepole, magurudumu yake husukuma kabro kwa upande. Zikiwa kwenye mistari, mstari mzima huhama pamoja, maana hakuna kitu kinachoukatiza. Zikiwa kwenye mifupa ya samaki, kila kabro imekingwa na ubavu wa nyingine, kwa hiyo msukumo hugawanyika kwa nyingi na hakuna inayohama. Kabro za zigizaga nazo husaidiwa na meno yake. Kama ni lazima utumie mistari mahali pa magari, basi ikingame njia, isielekee kule yanakoelekea magari. Ningeulizwa kuhusu mlango wa soko lolote, liwe la Chepkube pale Bungoma au la Kitale, penye mikokoteni, pikapu na bodaboda zinazofunga breki ghafla, ningeomba mifupa ya samaki bila kusita.

"Anzia ukutani, mistari itanyooka yenyewe."

Si kweli. Kuta nyingi zimepinda kidogo, na jicho halioni mpaka kabro zifike katikati ya uwanja. Hapo kila mtu anaona.

"Kijana aliyezoea kupanga njia kwenye gemu ataweza kupanga kabro."

Nusu kweli. Katika *Animal Crossing: New Horizons*, gemu ya Nintendo iliyotoka Machi 2020, mchezaji hujenga kisiwa chake na kutandaza njia za nakshi alizochora mwenyewe. Kila nakshi ina nukta 32 kwa 32, na ardhi yote imegawanywa miraba. Ukishachagua mraba, nakshi hukaa sawasawa, haipindi hata kidogo. Ugumu uko kwenye mpango. Duara kubwa lazima ulikate vipande, kila kipande kiingie mraba wake; kimoja kikikosea, duara zima limeharibika. Hayo ni mafunzo halali kabisa. Fundi mzuri naye huchora kwanza kwenye karatasi, huhesabu kabro nyekundu na za kijivu, huweka alama ya kitovu cha nakshi, kisha ndipo huanza kulaza.

Lakini ardhi ya Kitale haina miraba. Miraba ni lazima itengenezwe kwa uzi. Fundi hupigilia vigingi, huvuta uzi wa kwanza, kisha hutafuta kona mraba: mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, na mshazari baina ya ncha hizo ukitoa mita 5 kamili, kona ni sawa. Ukizidi au ukipungua, vigingi vinahamishwa kabla ya kabro hata moja kulazwa. Baada ya hapo uzi hurudiwa kila baada ya mistari michache, kwa sababu makosa madogo hujumlika. Kabro yenye upana wa milimita 100 ikikosewa kwa milimita 1 tu, na kosa likaelekea upande uleule kila mara, baada ya mistari 50 umepotea milimita 50. Hiyo ni nusu ya kabro, na duara lako sasa ni yai. Fundi anayekuambia macho yake yanatosha bila uzi, mshukuru na utafute mwingine.

"Simenti kwenye nafasi za katikati huzifanya kabro zishike zaidi."

Si kweli. Kabro zimeundwa zicheze kidogo zikikanyagwa. Simenti ngumu haichezi, hupasuka, na maji hupitia nyufa hizo hadi chini. Kinachoshika ni mchanga laini mkavu unaofagiliwa kwenye nafasi za milimita chache, mashine ya kushindilia ipite juu, kisha mchanga ufagiliwe tena. Na kando lazima pawe na ukingo wa zege. Bila ukingo, kabro za pembeni hutoka moja moja na nakshi yote hufuata.

"Kabro nene ndiyo tiba ya kuzama."

Nene ina mahali pake: milimita 60 kwa miguu na magari madogo, 80 kwa malori. Ila njia ikizama, mara nyingi lawama ni ya msingi. Kama murram haikushindiliwa vizuri tabaka kwa tabaka, hata kabro ya 80 itashuka nayo.

"Usijali mteremko, maji yatapenya katikati ya kabro."

Si kweli kwa kabro za kawaida. Mvua ya alasiri ya Bungoma hushuka kwa kasi kubwa kuliko nafasi za katikati ya kabro zinavyoweza kumeza. Weka mteremko wa kama milimita 20 kwa kila mita, uelekee mtaroni, wala si mlangoni kwa jirani.

"Rangi za kiwanda kimoja hufanana."

Si kweli. Kabro nyekundu za leo na za kesho hutofautiana kidogo hata zikitoka kiwanda kimoja. Ukimaliza rundo moja ndipo uende kwa jingine, uwanja utakuwa na mabaka. Chukua kutoka marundo matatu kwa pamoja, uchanganye unapolaza.

"Tandika nailoni chini, majani hayataota."

Si kweli. Majani mengi unayoyaona hayatoki chini. Mbegu huletwa na upepo na viatu, zikaota kwenye vumbi lililojaa katikati ya kabro. Nailoni haizuii hilo hata kidogo, bali hufungia maji ndani ya mchanga ulio chini ya kabro, na mchanga uliolowa huhama kabro zinapokanyagwa. Fagia mara kwa mara, ongeza mchanga pale ulipopungua, na yanayochipuka yang'oe yangali machanga.