Maji ya Kunawa Huchotwa na Nani? Maisha ya Kaya Katika Majuma ya Mwanzo ya Korona

Jumatatu ya tarehe 16 Machi 2020, Waziri wa Afya, Mheshimiwa Ummy Mwalimu, alitangaza kwamba mgonjwa wa kwanza wa korona amethibitika nchini, msafiri aliyewasili kwa ndege akitokea Ubelgiji. Siku iliyofuata Waziri Mkuu, Mheshimiwa Kassim Majaliwa, alitangaza kufungwa kwa shule zote, kuanzia za awali hadi kidato cha sita, kwa muda wa siku 30, pamoja na kusitishwa kwa mikusanyiko isiyo ya lazima. Vyuo vikafuata. Katikati ya Aprili muda huo uliongezwa hadi itakapotangazwa vinginevyo. Vijijini na mitaani tangazo hilo lilionekana kwa macho pale watoto waliporejea na madaftari yao, na waliokuwa bweni wakashuka kwenye mabasi na masanduku na magodoro.

Katika majuma hayo wananchi walisikia maelekezo mengi, lakini karibu yote yalirudi kwenye mambo mawili: kunawa mikono mara kwa mara kwa maji tiririka na sabuni, na kupunguza matembezi yasiyo ya lazima. Yalikuwa maelekezo sahihi. Hata hivyo, yalipoingia katika nyumba isiyo na bomba uani, yaligeuka kuwa kazi, na kila kazi ina mtu wa kuifanya. Jambo hilo halikuelezwa vya kutosha, nalo ndilo lililoamua kama ndoo iliyo mlangoni ingekuwa na maji jioni au ingekuwa pambo.

Kirusi cha korona kimezungukwa na utando wa mafuta. Sabuni huuvunja utando huo kama inavyokata mafuta kwenye sufuria, na kirusi hakiwezi tena kuambukiza. Kazi hiyo huhitaji muda, ndiyo sababu wataalamu wanasisitiza kusugua kwa sekunde zisizopungua 20, pamoja na katikati ya vidole, chini ya kucha na mgongoni mwa kiganja. Maji peke yake hayana nguvu hiyo. Na bakuli moja linalopitishwa kwa watu wote kabla ya kula, kama ilivyo desturi katika nyumba nyingi, humfanya wa mwisho anawe uchafu wa waliomtangulia. Wazee waliokuwa wakimiminia wageni maji kwa birika juu ya beseni walikuwa na utaratibu bora zaidi kuliko bakuli hilo, na hakuna ubaya ukirejeshwa.

Sasa hesabu. Mtu mmoja akinawa mara kumi kwa siku, na kila mara akatumia nusu lita, hutumia lita 5. Kaya ya watu saba itahitaji lita 35 kwa kunawa tu, yaani karibu ndoo mbili kubwa za lita 20. Kiwango kinachotumika nchini katika kupanga huduma ya maji vijijini ni lita 25 kwa mtu kwa siku, kutoka kituo kisichozidi mita 400 kutoka kwenye makazi. Kwa hiyo agizo la kunawa, peke yake, linaweza kula sehemu moja ya tano ya maji yote ambayo mtu amepangiwa kwa kunywa, kupika, kufua na kuoga. Na hapo ni kwa aliyefikiwa na huduma. Kwa anayetegemea kisima cha bondeni au mto, ndoo mbili zaidi ni safari zaidi, na mara nyingi ni safari ya mtu yuleyule.

Mtu huyo katika kaya nyingi ni binti. Shule zilipokuwa wazi, binti wa darasa la sita alichota maji alfajiri au jioni, na saa zilizobaki zilikuwa za darasani. Shule zilipofungwa, saa hizo zilionekana kuwa tupu, zikajazwa haraka: maji, kuni, kumlea mdogo wake, kumsaidia mama genge. Kaka yake wa darasa hilohilo alionekana zaidi uwanjani na mpira. Hakuna kikao cha familia kilichokaa kuamua hivyo, na pengine hapo ndipo ugumu ulipo, kwa kuwa kisichoamuliwa hakijadiliwi. Inashangaza pia kwamba kijana anayesukuma mkokoteni wa madumu kutwa nzima ili auze maji mtaani huona haya kubeba ndoo moja kuingia nyumbani kwao. Baiskeli moja yenye kichanja imara hubeba madumu matatu au manne kwa safari moja, na baiskeli nyingi zipo mikononi mwa wanaume. Baba aliyelazimika kurudi nyumbani mapema kwa kuwa biashara ilikuwa imelegea angeweza kumaliza kwa nusu saa kazi iliyomchukua bintiye asubuhi nzima.

Jambo hili halikuhusu uchovu peke yake. Taasisi ya Elimu Tanzania iliandaa vipindi vya masomo vilivyorushwa kwa redio na televisheni, na vipindi hivyo vilikuwa na saa zake. Redio ya nyumbani, kama ipo, mara nyingi hukaa chumbani kwa baba au huenda naye kijiweni. Mwanafunzi aliyekuwa kisimani saa ya kipindi hakuweza kukisikia baadaye. Kaya iliyotaka mtoto wake arudi shuleni akiwa bado anakumbuka sehemu na desimali ilipaswa kuijua saa ya kipindi, kuiacha redio mezani, na kuhakikisha kwamba maji yameshafika kabla ya saa hiyo. Watahiniwa wa kidato cha sita, ambao mtihani wao wa Mei 2020 uliahirishwa, walihitaji utulivu huo zaidi ya wote.

Lilikuwapo pia jambo zito zaidi. Binti aliyekwenda kisimani peke yake giza halijatoka, au aliyerudi jioni kwa njia ya vichakani, alikuwa mbali na macho ya walimu waliokuwa wakimwona kila siku. Mwalimu alikuwa akigundua mapema mtoto anapobadilika, anapokuwa mkimya au kukosa darasani. Shule zilipofungwa jicho hilo halikuwapo, na wazazi, majirani na viongozi wa mitaa na vitongoji walilazimika kulichukua. Sheria ya Elimu, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, inaweka adhabu ya kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari, na sheria hiyo haikwenda likizo pamoja na shule. Mabinti watoke kwa kundi, mchana, na ikiwezekana wakiwa na mtu mzima. Mzazi anayeona dalili za mtoto kunyanyaswa, au posa inayopangwa kimyakimya, awasiliane na Afisa Ustawi wa Jamii au Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Mtoto mwenyewe, au mtu yeyote mwenye taarifa, anaweza kupiga simu namba 116 bila malipo.

Njia ya haraka ya kupunguza safari za kisimani ni kupunguza maji yanayopotea. Wakati wa kunawa, maji hayahitajiki muda wote. Huhitajika mara mbili: kulowesha mikono mwanzoni na kuisuuza mwishoni. Zile sekunde 20 za kusugua koki inapaswa kuwa imefungwa, na kwenye ndoo nyingi zilizowekwa madukani na kwenye ofisi iliachwa ikichuruzika. Kibuyu chirizi, ambacho wengi walijifunza katika kampeni ya Nyumba ni Choo, huondoa tatizo hilo. Huchukuliwa dumu dogo la lita 3 au 5, likatobolewa tundu moja karibu na mdomo kwa msumari uliopashwa moto, kisha likaning'inizwa kwenye mti uliolazwa juu ya nguzo mbili zenye panda. Kamba hufungwa shingoni mwa dumu na kushuka hadi kwenye kijiti kilicho chini. Mtu anapokikanyaga kijiti, dumu huinama na kutiririsha maji. Anapoondoa mguu, hukoma. Mkono haugusi koki iliyoguswa na watu wengine, jambo ambalo ndoo ya dukani haiwezi kulitoa. Sabuni ya kipande hutundikwa pembeni ndani ya kipande cha chandarua kilichochakaa au soksi. Chini huchimbwa kishimo na kujazwa kokoto ili pasiwe na matope, au maji yakaelekezwa kwenye shina la mgomba.

Kwa kibuyu chirizi robo lita hutosha kwa kunawa mara moja. Kaya ile ya watu saba hushuka kutoka lita 35 hadi lita 17 na nusu, chini ya ndoo moja. Ndoo moja iliyookolewa kila siku ni safari thelathini kwa mwezi.

Njia ya pili iko juu ya paa, nayo ina msimu wake. Mvua za masika zikinyesha milimita 10 juu ya paa la bati lenye ukubwa wa mita za mraba 30, huangusha lita 300. Hata sehemu ya maji hayo ikimwagika pembeni, yanayobaki ni zaidi ya madumu kumi. Bati moja lililokunjwa kuwa mfereji na kufungwa kwa waya chini ya paa linatosha kuanzia. Maji ya kwanza yaachwe yaoshe vumbi na vinyesi vya ndege. Ifahamike kwamba maji ya kunawa kwa sabuni si lazima yawe safi kwa kiwango cha kunywa. Maji ya mvua yanafaa kabisa, ili mradi chombo chake kitofautishwe na cha maji ya kunywa, ambayo bado yanapaswa kuchemshwa au kutibiwa. Mapipa na mitungi ifunikwe, kwani mbu hawajasitisha mikusanyiko.

Kwenye vituo vya kuchotea maji, desturi ya kupanga ndoo foleni ilikuwa msaada ambao haukutarajiwa. Ndoo zinaweza kubanana. Wenye ndoo hawana sababu ya kubanana. Wakae mbalimbali kivulini hadi zamu ifike, na jumuiya ya watumia maji iweke sabuni karibu na bomba, maana koki ya kituo hicho huguswa na watu wengi kuliko kitu kingine chochote kijijini.

Ndani ya nyumba mabadiliko mengine yalikwenda kwa urahisi, mengine kwa machungu. Shikamoo haijawahi kuhitaji mkono. Wazee waliendelea kuamkiwa kwa heshima zote kutoka umbali wa hatua mbili. Sinia moja la chakula lilikuwa gumu zaidi kuliacha, hasa kwa futari za mwezi wa Ramadhani, na baadhi ya kaya ziligawanya: watoto sinia lao, bibi na babu sahani zao. Mgawanyo huo una maana, kwa sababu ugonjwa huu huwaelemea zaidi wazee na wenye kisukari, shinikizo la damu au matatizo ya kifua. Bibi anayelea wajukuu hawezi kutengwa nao, lakini anaweza kuwa na kikombe chake na sahani yake, na akawa wa kwanza kunawa. Watoto waliokuwa wakinywa uji shuleni walikula mchana nyumbani, na unga uliokuwa ukitosha wiki uliisha siku mbili mapema. Hilo nalo mama alilibeba bila tangazo.

Walikuwapo waliorudi kutoka mijini. Kurudi nyumbani si kosa, na kumnyooshea mtu kidole humfanya afiche homa yake. Mwenye homa, kikohozi kikavu na kupumua kwa shida apige simu namba 199 bila malipo na aelekezwe, kabla ya kwenda kukaa kwenye benchi la zahanati kati ya wajawazito. Huduma nyingine za zahanati hazikusitishwa. Mtoto aliyetimiza miezi 9 bado anahitaji chanjo yake ya surua, na ile ya pili akifikisha miezi 18. Surua humwua mtoto mdogo kwa urahisi kuliko korona. Mjamzito asiruke hudhurio la kliniki kwa hofu ya foleni. Aulize zahanati siku na saa zenye watu wachache, na aende na kadi yake.

Kuhusu bomba lililokatika au pampu iliyosimama, taarifa hupelekwa kwanza kwa jumuiya ya watumia maji ya eneo husika, na nakala kwa mtendaji wa kijiji au mtaa, ambaye huifikisha kwa mtendaji wa kata na kwa Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini (RUWASA) ngazi ya wilaya. Taarifa itaje jina la kituo, siku kilipoharibika na idadi ya kaya zinazokitegemea. Kituo ambacho hakikutolewa taarifa hakiingii katika ratiba ya matengenezo, na maji yake yanaendelea kufuatwa bondeni.