Tekno kwa Mfuko wa Dandora

Mshahara umeingia, kodi ya nyumba imetoka, na kilichobaki kinakuwasha mfukoni. Unapenda tekno, nawe unakaa Dandora, mtaa uliotuzalia Kalamashaka na Ukoo Flani Mau Mau, ambako spika zimezoea hip hop na reggae. Ngoma yako haipigwi hapa steji. Lazima uifuate, na kuifuata ni nauli.

Nimepanga njia nne za kuifuata, kuanzia ya bei ya chini. Kabla hujatuma pesa kwa mtu yeyote, shika hili: tiketi ni mlango tu. Kinachomaliza pesa ni kuufikia huo mlango na kurudi kulala.

Njia ya kwanza: mkongwe kwenye simu

Mashabiki wa tekno hawachoki kubishana juu ya wakongwe. Mchukue Jeff Mills wa Detroit, aliyezaliwa 1963 na kuanza kuvuma redioni miaka ya 1980 kwa jina la The Wizard. Kambi moja inasema mzee lazima umwone kwa macho, vidole vyake vikiichezea mashine ya ngoma ya Roland TR-909. Kambi ya pili inasema alisharekodi vya kutosha, na seti aliyopiga Liquid Room, Tokyo, mwaka wa 1995 bado inatikisa ukuta bila wewe kuomba viza.

Kwa mfuko wako, kambi ya pili imeshinda. Lakini hata hapa kuna makato. Video hula bando haraka. Sauti pekee hula kidogo. Pakua penye Wi-Fi, kisha sikiliza nyumbani.

Pesa iende kwa spika za masikioni. Zile za bei ya chini kabisa hukatika waya karibu na kichomeo kabla ya miezi mingi kupita, na besi yake ni kelele tupu. Tafuta zenye waya unaochomoka, ili ukiharibika ununue waya peke yake. Zijaribu kwa wimbo unaoujua wewe, si ule wa muuzaji, na usilipe kabla hujasikia masikio yote mawili.

Njia ya pili: usiku mmoja Westlands

Hii ndiyo inayopatikana kwa urahisi zaidi, karibu kila wikendi. Pia ndiyo yenye mitego mingi.

Mtego wa kwanza ni kiingilio cha bure. Mara nyingi ni bure kabla ya saa fulani tu, na klabu hurudisha hasara yake kwenye vinywaji. Uliza bei ya chupa ya maji kabla hujauliza ya bia. Hiyo ya maji ndiyo itakayokwambia uko mahali gani.

Mtego wa pili ni jina kubwa kwenye bango. DJ mkongwe kutoka nje hupandisha tiketi, kisha hupanda jukwaani usiku wa manane. Ukitaka kumsikia, huna budi kulipia pia saa zote za kumngoja. Nairobi ina ma-DJ wake: Coco Em, kwa mfano, amepiga majukwaa ya nje na ya hapa. Usiku wenye majina ya nyumbani huwa nafuu, na ngoma nzuri huanza mapema.

Mtego wa tatu ni kurudi. Kwenda ni matatu mbili, ya kuingia tao na ya Westlands. Kurudi kunategemea saa. Ukitoka saa nne na nusu usiku, bado utapata gari tao. Ukikaa hadi saa kumi na moja alfajiri, utapanda na watu wa Gikomba wanaoamkia kazi. Ukitoka saa nane, umeumia. Hapo ni teksi, bei imepanda, na dereva akisikia Dandora anaweza kukataa safari au kudai nyongeza.

Kwa hivyo chagua ncha moja: ondoka mapema au kesha mpaka kuche. Kama ni lazima teksi, jazeni watu wanne wa mtaa mmoja na mkubaliane michango kabla ya kuingia klabuni, wakati kila mtu bado anajua kuhesabu. Boda usiku wa manane, wewe na dereva mmechoka na pengine mmelewa, ni akiba utakayoijutia hospitalini.

Njia ya tatu: Kilifi, mwaka mpya

Tamasha la Beneath the Baobabs hufanyika chini ya mibuyu ya Kilifi mwaka unapogeuka. Hewa ni safi, ngoma ni ndefu, na tarehe ndiyo mbaya kuliko zote kwa msafiri. Desemba mabasi ya Pwani hupandisha nauli kwa sababu yanajua huna njia nyingine.

Treni ya SGR ina nauli inayojulikana. Daraja la kawaida lilipanda kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500 mwanzoni mwa 2024. Ila hesabu ncha zote mbili. Kutoka Dandora hadi Syokimau ni nauli, kutoka kituo cha Miritini hadi mjini Mombasa ni nauli, na kutoka hapo hadi Kilifi ni kilomita kama 60 nyingine. Basi la moja kwa moja likikatwa mapema linaweza kuwa nafuu kuliko treni yenye vipande vinne. Ongeza hema, chakula cha siku kadhaa na maji. Mwenye ndugu Kilifi wa kumlaza aende. Asiye naye angoje.

Njia ya nne: Jinja

Tamasha la Nyege Nyege lilianza Jinja, Uganda, mwaka wa 2015. Jina lisikutie haya. Kwa Kiganda linahusu hamu ya ghafla ya kucheza, ingawa ukilitamka nyumbani mama atataka maelezo. Kwa siku nne unawasikia DJ wa Kampala, Nairobi, Kongo na Dar es Salaam mahali pamoja.

Dar huleta singeli. Tekno ya kawaida huenda mapigo 120 hadi 150 kwa dakika. Singeli hupita 200 na huweza kukaribia 300. Kwa shilingi ileile unapata mapigo mara mbili. Jay Mitta wa Sisso Studios ana albamu inayoitwa Tatizo Pesa, kwa hiyo wanakuelewa.

Basi la Kampala hupita Jinja, kama kilomita 80 kabla ya kufika. Uliza kama kuna nauli ya kushukia hapo, maana wengine hukutoza ya Kampala nzima. Kitambulisho cha taifa kimetosha kwa Mkenya kuvuka tangu 2014. Kinachowarudisha watu mpakani ni cheti cha homa ya manjano. Chanjo huhesabiwa baada ya siku 10, kwa hivyo ya dakika ya mwisho haikusaidii. Habari njema ni kwamba dozi moja sasa hutambuliwa maisha yote. Katika orodha hii, hakuna ununuzi unaodumu kuishinda. Wabadilisha pesa wa mpakani nao wana kiwango chao, basi badilisha kidogo tu.

Kuna hatari moja zaidi. Mwaka wa 2018 waziri wa maadili alijaribu kulizuia tamasha, na 2022 wabunge walitaka lipigwe marufuku kabla ya serikali kuliruhusu kwa masharti. Tarehe nazo zimewahi kuhama kutoka Septemba hadi Novemba. Usinunue tiketi mkononi mwa mtu, na soma masharti ya kurudishiwa pesa.

Hesabu ya mwisho

Jumlisha kila kitu, kisha gawa kwa saa za ngoma. Westlands hukupa saa tano au sita. Jinja hukupa siku nne. Ukigawa hivyo, Jinja mara nyingi hushinda kwa bei ya saa, lakini pesa zote hutakiwa kwa mkupuo.

Kwa hivyo: kama una pesa ya wikendi hii tu, nenda Westlands usiku wa DJ wa nyumbani, nawe ukeshe. Kama unaweza kuweka kidogo kidogo kwa miezi mitatu au minne, ruka Kilifi na uende Jinja. Kama huna hata ya wikendi, nunua spika nzuri za masikioni na umwache mkongwe akujie.

Njia yoyote utakayoshika, nauli ya kurudi itoe kwanza na uiweke kwa simu ya mtu asiyekwenda. Yako ikiisha chaji au ikiibwa, au kaunta ikikushinda, atakutumia ukiwa steji.