Vazi la magurudumu: fedha zake haziko dukani

Katikati ya miaka ya 1990, Mfaransa Jean-Yves Blondeau, wakati huo mwanafunzi wa ubunifu wa bidhaa, alibuni vazi gumu la plastiki lenye magurudumu zaidi ya 30. Yamefungwa viganjani, viwikoni, magotini, kifuani, mgongoni na miguuni. Mvaaji hulala kifudifudi, kichwa kikitangulia, uso ukikaribia kugusa lami, na kushuka mlima kwa kasi inayopita kilomita 100 kwa saa. Injini hakuna, mteremko ndio unaomwendesha. Akiinua kiwiliwili, upepo humzuia na mwendo hupungua.

Miongo mitatu baadaye, vazi hilo, Buggy Rollin, bado si bidhaa ya kuuzwa kwa wingi. Sababu zinaeleweka. Lazima likae mwilini barabara, kwa hiyo ukubwa mmoja hauwafai wote na gharama hupanda. Mtu aliyelala chini haonekani vizuri na dereva wa lori, hivyo kwa usalama inafaa barabara ifungwe kwanza, na kuifunga kunadai vibali, walinzi na bima. Viatu vya magurudumu ya mstari mmoja, vilivyovuma miaka hiyohiyo ya 1990, havikuwa na kikwazo hicho: mnunuzi alivivaa akaenda zake bustanini.

Lakini pale duka liliposhindwa, kamera imefaulu. Mwaka 2008 vazi hilo lilionekana katika filamu ya Yes Man ya Jim Carrey. Mwaka 2012 Jackie Chan alilitumia kuwatoroka maadui katika Chinese Zodiac, akiserereka kwenye barabara ya mlimani. Hapo watu wachache wanaoweza kuliendesha wanatosha, kwa sababu mamilioni watalipia kutazama.

Biashara hii ya kulionyesha vazi ina pia kinga dhidi ya waigaji. Kwa kawaida hataza hudumu miaka 20 tangu maombi kuwasilishwa, kisha yeyote anaruhusiwa kuiga. Plastiki na magurudumu vinaigika. Lakini ustadi wa kukata kona kwa kifua hupatikana kwa miaka ya mazoezi.

Mwekezaji anayehesabu idadi ya mavazi yaliyouzwa angeutupa ubunifu huu mapema, na angekosea. Mbunifu kijana asiulize tu ni wangapi watanunua kifaa chake. Aulize pia ni wangapi watalipa kukiona kikifanya kazi, kisha apange bei, mikataba na mazoezi yake kwa jibu hilo.