Maji ya Meru Yapitapo Usa River: Kusoma Ramani ya Ardhi ili Kujua Chanzo cha Uchafuzi

Mji mdogo wa Usa River, uliopo katika Wilaya ya Meru kando ya barabara kuu iendayo Arusha kutoka Moshi, umekaa katikati ya safari ya maji. Juu yake umo msitu wa mlima unaohifadhiwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Chini yake zimetandaa tambarare zinazoelekea Mto Kikuletwa, ambao humwaga maji yake katika bwawa la Nyumba ya Mungu. Kati ya msitu na tambarare, maji hupita kwenye migomba na mibuni, mashamba ya maua na mboga, makazi, magulio, gereji na vyoo.

Mhudumu wa afya katika eneo hili anaweza kumpokea kwa siku moja mtoto anayeharisha, kijana mwenye meno ya kahawia na mzee ambaye mgongo wake umekakamaa. Huenda jamaa zao wote wakasema jambo moja, kwamba maji ya hapa yamechafuliwa. Kauli hiyo yaweza kuwa kweli mara tatu, lakini kwa sababu tofauti na kwa dawa tofauti. Ramani inayooanisha matumizi ya ardhi na uchafuzi hutusaidia kutenganisha sababu hizo.

Ramani hii hutengenezwaje

Wazo lenyewe si geni katika tiba. Mwaka 1854 daktari John Snow aliweka alama kwenye ramani ya mtaa wa Soho, London, kwa kila mtu aliyefariki kwa kipindupindu, na alama hizo zikasongamana kuizunguka pampu moja ya maji. Katika nchi ya milima kama Meru, kazi huwa na hatua moja zaidi: umbali peke yake hautoshi, kwa kuwa maji hufuata mkondo. Nyumba iliyo mita mia moja upande wa juu wa shamba yaweza kuwa salama, ilhali iliyo kilomita mbili chini yake ikapokea kila kilichooshwa shambani.

Kwa hiyo ramani hujengwa kwa tabaka. La kwanza huonesha mwinuko wa ardhi, ambao hutupatia mipaka ya kila kidakio cha maji, yaani eneo lote ambalo mvua yake huishia kwenye mto mmoja. La pili huonesha matumizi ya ardhi kama yanavyoonekana katika picha za setilaiti na kuthibitishwa kwa miguu. La tatu ni sampuli za maji, kila moja ikiwa na tarehe na mahali ilipochotwa. La nne ni taarifa za wagonjwa, zisizo na majina yao.

Ubora wa ramani hutegemea zaidi namna sampuli zilivyochukuliwa. Sampuli moja ya mto haimwambii mtu mengi. Huhitajika mbili kwa kila matumizi ya ardhi: moja kabla maji hayajaingia shambani au mtaani, nyingine baada ya kutoka. Tofauti baina ya hizo mbili ndiyo inayoonesha mchango wa eneo hilo. Aidha, sampuli zichukuliwe katika majira tofauti. Mvua za kwanza za masika huosha kinyesi, mbolea na viuatilifu vilivyorundikana ardhini, na kiangazi huyapunguza maji mtoni hadi uchafu uliopo ukazidi kuwa mzito.

Kila ardhi na alama yake

Uchafuzi wa makazi hutambulika kwa bakteria wa kinyesi. Huongezeka palipo na vyoo vya shimo karibu na visima, na pale mifugo inaponywea katika mfereji uleule unaotekwa maji ya nyumbani. Madhara yake ni kuhara, homa ya matumbo na minyoo.

Mashamba yanayotumia mbolea nyingi huacha naitreti, ambayo pia hutoka kwenye vyoo na mazizi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za naitreti kwa lita. Wanaohatarishwa zaidi ni watoto wachanga wanaochanganyiwa maziwa ya kopo kwa maji hayo, kwa sababu naitreti huweza kuizuia damu yao kubeba oksijeni, na ngozi ikageuka rangi ya samawati.

Mibuni ina historia yake. Kwa miaka mingi wakulima wa kahawa wamepulizia dawa zenye shaba, kama mrututu, dhidi ya ukungu. Shaba haiozi, hubaki katika udongo wa juu na huhama hasa udongo wenyewe unapomomonyoka. Viuatilifu vya mboga na maua huleta hatari nyingine, na anayedhurika kwanza mara nyingi ni mpulizaji kabla ya mnywaji wa maji. Mboni zilizosinyaa, mate na jasho jingi, kutapika, kupumua kwa shida na mapigo ya moyo kwenda polepole, kwa mtu aliyetoka shambani, ni dalili za sumu ya jamii ya oganofosfeti. Hiyo ni dharura.

Uchafuzi usiotokana na mkono wa mtu

Meno ya kahawia hayatokani na shamba wala kiwanda. Chanzo chake ni floraidi iliyomo katika lava na majivu ya volkano ya Meru. Maji yanayopenya miamba hiyo huwa na magadi mengi na chokaa kidogo, na kwa kuwa chokaa ndiyo ambayo ingeishika floraidi na kuituamisha, floraidi hubaki ikielea majini. Kadiri maji yanavyokaa mwambani, ndivyo inavyozidi. Ndiyo sababu chemchemi mbili zilizo jirani zaweza kutofautiana sana. Mto na kata ya Maji ya Chai, mashariki mwa Usa River, vilipata jina kutokana na rangi ya maji, na ni miongoni mwa maeneo yanayojulikana kwa floraidi. Hata hivyo, rangi si kipimo: maji meupe kabisa yaweza kuwa nayo nyingi.

Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Zaidi ya hapo meno ya watoto huanza kuharibika yangali yakijengeka ndani ya taya, hasa katika miaka minane ya kwanza. Viwango vikiwa vikubwa zaidi kwa miaka mingi, mifupa na viungo hukakamaa.

Hata hapa matumizi ya ardhi yana sehemu yake. Mto ukielekezwa kwenye umwagiliaji wakati wa kiangazi, kaya za chini hulazimika kutegemea visima, na pengine kisima hicho kina floraidi kuliko mto. Shamba halikuweka floraidi majini, ila limewasogeza watu kwenye maji yenye floraidi. Jambo hili halionekani katika kipimo cha maji pekee. Huonekana kwenye ramani.

Tahadhari katika kuisoma

Mambo mawili kuonekana mahali pamoja hakuthibitishi kwamba moja limesababisha jingine. Shamba la maua lililo juu ya chemchemi yenye floraidi si mkosaji wa floraidi hiyo. Vilevile wastani wa kijiji si hukumu ya mgonjwa: huenda anaishi kijiji kimoja, anafanya kazi kingine, na kunywa maji ya kununua. Ramani huelekeza swali. Jibu hutoka kwa mgonjwa na kwa kipimo cha chanzo anachokitumia.

Zahanati na kaya zifanye nini

Kwanza, mhudumu aulize na kuandika chanzo cha maji ya kunywa na ya kupikia, kitongoji, na kazi ya mgonjwa. Mistari hiyo michache kwenye daftari ndiyo malighafi ya ramani.

Pili, ushauri wa kuchemsha maji utolewe kwa usahihi. Kuchemsha huua vijidudu, na pasiachwe. Lakini hakuondoi floraidi wala naitreti. Maji yakipungua sufuriani kwa kuchemka muda mrefu, viwango hivyo hupanda. Mama anayechemsha maji ya kisima chenye floraidi kila siku anamkinga mwanawe na kuhara bila kumkinga na madhara ya meno na mifupa.

Tatu, palipo na floraidi, maji machache yaliyo salama yatengwe kwa wajawazito na watoto wadogo, kwa kunywa na kupikia. Maji ya mvua yaliyovunwa kwenye paa safi hayana floraidi ya mwambani, ila yachemshwe. Maziwa ya mama yana floraidi kidogo mno. Chujio la mkaa wa mifupa, ambalo limefanyiwa kazi kwa miaka mingi katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, hunasa floraidi. Mkaa wake hubadilishwa kwa kupimwa, kwani ukichoka ladha ya maji haibadiliki. Magadi ya kulainishia maharage yaepukwe, maana nayo huwa na floraidi.

Nne, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda ukanda wa mita 60 kutoka kingo za mito na vyanzo vya maji dhidi ya shughuli zinazoviharibu. Kamati ya kijiji yenye ramani mkononi huweza kuonesha ni wapi ukanda huo umeingiliwa, na ni kaya zipi za chini zinazolipa gharama yake. Kwa uchafuzi wa shamba na choo, dawa ni kuzuia kwenye chanzo. Kwa ule wa mwamba, dawa ni kubadili chanzo au kuchuja.