Nyumba ya Saint Laurent Tumeiona, Kazi Yake Je?

Ukiambiwa hii ni filamu ya maisha ya mbunifu wa mavazi, unatarajia nini? Mimi natarajia kuona nguo ikizaliwa. L'Amour fou, filamu ya mwaka 2010 ya Pierre Thoretton kuhusu Yves Saint Laurent, haikunipa hilo. Ngoja nieleze.

Saint Laurent alizaliwa Oran, Algeria, mwaka 1936. Christian Dior alipofariki mwaka 1957, kijana huyu wa miaka 21, yaani mdogo kuliko mimi niliyeko chuo, akakabidhiwa ubunifu wa kampuni ile kubwa ya Paris. Mwaka 1966 aliichukua suti ya jioni ya wanaume, akaikata upya ifuate umbo la mwanamke. Enzi hizo mwanamke aliyevaa suruali aliweza kuzuiwa mlangoni kwenye mgahawa wa kifahari, kwa hiyo ile haikuwa fasheni tu. Mwaka 1968 akalifanya koti la wawindaji kuwa vazi la mjini la wanawake. Waingereza huliita kwa neno letu wenyewe, koti la "safari".

Sasa filamu inafanya nini? Msimulizi mkuu ni Pierre Bergé, mwenzi wake wa maisha na wa biashara. Mhimili wake ni mnada wa Februari 2009, ambapo kazi za sanaa walizokusanya pamoja ziliuzwa kwa zaidi ya yuro milioni 370. Tunaona vitu vikitolewa nyumbani na kupelekwa mnadani. Huzuni ya Bergé ni ya kweli, siibezi. Lakini nguo zinapita haraka kama mabango ya barabarani ukiwa ndani ya daladala.

Kumbe kazi yenyewe ilikuwa na hatua. Mchoro ulikwenda kwa mafundi, wakashona kwanza kwa kitambaa cha majaribio, akavalishwa mwanamitindo, pakarekebishwa, ndipo kitambaa chenyewe kikakatwa. Somo lilikuwa hapo.

Sisi wa ualimu tunalijua hili: mwanafunzi akiambiwa tu kwamba fulani alikuwa na kipaji, bila kuonyeshwa hatua, anatoka darasani na sifa za mtu, siyo maarifa. Mitaani kuna vijana kibao wenye cherehani na ndoto. Wakiitazama filamu hii watajua Saint Laurent alimiliki nini. Namna alivyofanya kazi, itabidi waitafute kwingine.