Ordinatere ya michezo: tuhesabu kabla ya kukubali

Wamama wapendwa, vijana wetu wameanza kuomba kitu kipya: ordinatere yenye nguvu ya kucheza michezo ya video. Wengine wanaitaka kwa kujifurahisha tu. Wengine wanatuambia watafungua chumba cha michezo, kila anayecheza alipe, na franga zitarudi. Mara nyingi ombi hilo linafika siku ile mama anapopokea likelemba, na minervali bado haijalipwa. Basi tusikatae kwa hasira, wala tusikubali kwa huruma. Tuhesabu.

Kuna nini ndani ya sanduku?

Kadi ya picha ndiyo inayochora mchezo kwenye ekrani. Prosesa ni ubongo. Memori ni kama meza ya kazi: inashika yale yanayotumika sasa hivi. Diski ni kabati la kuwekea vitu. Alimentasio inapokea umeme na kuwagawia wote. Kwa michezo, kadi ya picha inafanya kazi kubwa kuliko vingine, kwa hiyo sehemu kubwa ya franga iende huko.

Lakini tusifikiri kwamba kadi ya bei kubwa ndiyo nzuri kwetu. Mwaka 2022 kampuni ya NVIDIA ilitoa kadi iitwayo RTX 4090 kwa dola 1,599 huko Marekani, kadi peke yake. Mwaka 2023 ikatoa RTX 4060 kwa dola 299. Ile kubwa ilitengenezwa hasa kwa ekrani za 4K. Kijana mwenye ekrani ya kawaida anacheza vizuri na ile ndogo, na zaidi ya dola 1,000 zinabaki nyumbani.

Vingine vifuate kwa kiasi. Memori ya GB 16 inatosha. Prosesa ya kati inatosha. Diski iwe SSD, maana inafungua haraka na haina kitu kinachozunguka ndani cha kuvunjika njiani. Sanduku lenye taa za rangi haliongezi nguvu hata kidogo. Pahali pasipo pa kubana franga ni alimentasio: ile mbaya ikiungua, inaweza kuharibu vipande vingine vyote.

Umeme ndio bei iliyofichwa

Hapa ndipo wamama wengi wanashangaa, kwa sababu muuzaji haongei habari hiyo. RTX 4090 inaweza kula wati 450 peke yake. RTX 4060 inakula wati 115. Ukiongeza ekrani na vipande vingine, mashini ya kwanza inaweza kufika wati 600, ya pili kama wati 250.

Tuchukue saa 4 za kucheza. Mashini kubwa: 600 mara 4 ni 2,400. Mashini ya kati: 250 mara 4 ni 1,000. Sasa tuangalie batri ya sola ya volti 12 na ampea-saa 100. Ndani yake mna 1,200, lakini batri ya risasi haifai kushushwa chini ya nusu, isije ikafa mapema. Kwa hiyo tunapata 600 tu. Mashini ya kati inataka batri mbili. Kubwa inataka nne au zaidi, pamoja na konvertisere yenye nguvu na paneli za kuzijaza. Kwa jenereta, hesabu ni ya esanse kila siku.

Ordinatere ya kubeba, isiyo ya michezo mikubwa, inakula kama wati 50. Kwa saa hizo 4 ni 200 tu. Inaandika, inahesabu, inafungua masomo, na michezo midogo inakubali.

Safari na kutunza

Mashini ikitoka Kisangani kwa moto, kadi ya picha itolewe na kufungwa peke yake, maana uzito wake unaweza kuvunja pahali inapoingia. Unyevu wa msitu na vumbi ni adui: iwekwe juu ya meza, isigusane na ukuta, ipanguswe mara kwa mara ikiwa imezimwa. Kati ya umeme wa jenereta na mashini kuwe na stabilizatere.

Maswali matatu kwa kijana

Moja: umeme utatoka wapi, na nani atalipa? Mbili: ikiharibika, nani atatengeneza? Tatu: kama ni biashara, wachezaji wangapi kwa siku, kwa bei gani, hata franga zirudi? Ayajibu kwenye karatasi, si kwa mdomo. Kijana anayeweza kuandika hesabu hiyo tayari amejifunza kitu.

Mwisho, wamama, tusisahau: bati inayounganisha vipande vya mashini hizi, na tantali ya koltani iliyo katika vipande vyake vidogo, ni madini yanayochimbwa pia katika Maniema yetu. Yanatoka kwetu kwa bei ndogo na kurudi kwa bei kubwa. Watoto wetu wana haki ya kuzijua mashini hizo, wavulana na wasichana sawa. Lakini minervali kwanza, kisha mashini inayolingana na umeme wetu.